Mwano wa Mama

Kazi yangu ni kuandika habari za mahakamani. Hukumu nyingi ninazozipitia, za Shinyanga na za Kahama, zimeandikwa kwa Kiingereza, na humo kuna neno moja nililolifasiri mara nyingi mpaka vidole vinaliandika bila kuniuliza. Neno lenyewe ni acquit. Naandika "ameachiwa huru", mhariri anapitisha, msomaji anaelewa, nami naendelea na kesi nyingine. Sikuwahi kujali lilikotoka mpaka tulipomzika mama. Msibani, jirani yetu wa zamani, Mama Kulwa, ambaye sasa ni bibi kizee, alinishika mikono yote miwili akasema, "Mwanangu, mama yako ametangulia. Yale nayo yaishe." Nikaitoa mikono yangu taratibu. Niliporudi ofisini nikafungua kamusi kubwa ya Kiingereza, ile inayoeleza ukoo wa maneno, nikatafuta neno langu la kila siku.

Kamusi inasema mzizi wake ni Kilatini, kwenye neno la mtu aliyetulia, aliyepumzika. Mzizi huohuo ndio uliowapa Waingereza neno lao la ukimya. Wafaransa wa zamani walilichukua wakalitumia kwenye madeni: mtu akishalipa anatulia, hana wa kumgongea mlango. Lilipoingia Kiingereza lilikuwa bado ni neno la kulipa, na baadaye ndipo likawa la kumwondolea mtu mashtaka. Lina pia maana ya tatu, ambayo mahakamani sijawahi kuihitaji, nayo ni namna mtu anavyojibeba siku anayojaribiwa. Nilisoma mara mbili. Kulipa, kuachiwa, kutulia, vyote katika neno moja. Nikafunga kamusi, na pale mezani ikanijia harufu ya nyama ya ng'ombe inayochemshwa kwa chumvi tupu.

Tulikaa kijijini, upande wa Kishapu, kwenye pamba na mifugo na jua lisilo na huruma. Sikuwa nimeanza shule. Nyumbani tulikuwa wanne: baba, mama, kaka yangu Shija, na mimi. Baba alikuwa mchimbaji. Sehemu kubwa ya mwaka aliishi machimboni, upande wa Geita, akishuka kwenye duara, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao, na mvua zikikaribia alirudi kulima. Alirudi ananuka jasho na unga wa mawe, na mashati yake yalikuwa na harufu kali ya baruti ambayo mama aliifua siku nzima bila kuimaliza.

Mwaka huo alirudi akiwa mtu wa kutabasamu. Zamani alikuwa msemaji, mwenye utani wa kukera, lakini sasa ukimsemesha alikutazama usoni, akatoa meno, akasema "naam, naam," kisha akaendelea na kazi yake. Mimi nilifikiri ameridhika. Nilidhani dhahabu ndivyo inavyomfanya mtu. Ukweli, ambao mama alikuja kunieleza kwa ukamilifu nilipokuwa mkubwa, ni kwamba baruti zilikuwa zimemmaliza masikio. Mama aligundua usiku wa kwanza tu, alipoangusha sufuria nyuma yake naye hakugeuka. Baba alimwomba asimwambie yeyote. Chini ya ardhi mtu anaishi kwa sikio: kelele inapopigwa kutoka juu kwamba kamba inavutwa, jiwe linapolia kabla ya kuporomoka. Kiziwi hashuki, kwa sababu hakuna anayekubali kushuka naye. Na katika duara lake baba alikuwa na mwenzake wa kijiji kimoja, Baba Kulwa, mume wa yule jirani yetu. Siri ikimfikia Baba Kulwa, imefika Geita.

Sasa nieleze mwano. Kwetu Usukumani, ng'ombe wakiibwa, anayeona anapiga mwano, yaani ule ukelele mrefu unaopanda na kushuka. Anayeusikia anaudaka na kuupeleka mbele, mpaka kijiji kizima kinalia. Kila mwanamume huacha alichoshika, huchukua upinde au fimbo na kukimbia. Hakuna ruhusa ya kuuliza ni ng'ombe wa nani. Asiyetoka anahesabiwa mshirika wa wezi, au mwoga, na kati ya hayo mawili sijui lipi lilikuwa baya zaidi.

Mwano uliotufikia mwaka huo ulipigwa mchana. Mama alikuwa shambani, Shija alikuwa machungani. Baba alikaa uani, mgongo kuelekea barabarani, akisuka kamba ya mkonge, na mimi nilikuwa karibu naye nikipika ugali wa vumbi kwenye kipande cha kibuyu. Nilisikia mwano ukija kutoka mabondeni, ukapita juu yetu kama ndege. Baba akaendelea kusuka. Kisha Baba Kulwa akatokea kwenye upenyo wa uzio wetu wa minyaa, upinde mkononi, anahema. Akaita, "Baba Shija, twende." Kivuli chake kilimfikia baba kwenye mikono. Baba akainua kichwa, akamwona jirani yake, akatoa meno, akampungia mkono, akarudi kwenye kamba. Baba Kulwa alisimama pale kidogo, uso wake ukabadilika, kisha akakimbia. Mimi sikuona ajabu yoyote. Baba alikuwa akimjibu kila mtu hivyohivyo.

Mama alifika mbio kutoka shambani, akamgeuza baba kwa bega, akasema naye akiwa amemshika mashavu. Baba akaruka, akachukua upinde na kutoka. Alikutana na wanaume njiani wakirudi. Walikuwa wameshawapata ng'ombe, ambao walikuwa wa mtemi wa sungusungu mwenyewe, yaani mkuu wa ulinzi wa kijiji. Walimpita baba bila kumwangalia.

Alihukumiwa uwanjani, wanaume wamekaa duara kubwa, wanawake nyuma. Mtemi alimuuliza kwa nini hakutoka. Baba alisoma midomo yake alivyoweza, akasema alikuwa amelala. Ndipo Baba Kulwa akasimama. Alisema, bila hasira hata kidogo, kwamba Baba Shija hakulala. Alisema, "Nilimwita kwa jina. Alinitazama, akacheka." Nilimwona mama, aliyekuwa amenipakata, akifungua mdomo. Baba alimtazama kutoka kule mbali na kutikisa kichwa mara moja tu. Mama akafunga mdomo. Uamuzi ukawa mchenya, faini ya ng'ombe, aliwe na kijiji kizima, na mpaka ng'ombe huyo atolewe nyumba yetu imetengwa.

Tulikuwa na ng'ombe mmoja, Mabala, tuliyemwita hivyo kwa madoa yake, na alikuwa akikamuliwa. Mama alisema hamtoi. Alisema hatukukosa kitu, na asiyekosa halipi. Akalisema hilo uwanjani, mbele yao, na kuanzia pale walipogeuza migongo hakuna aliyetusikia tena.

Watu wa mjini wanaposikia kutengwa wanafikiri ni kununiwa. Kununiwa ni jambo la watu wawili. Hapa hata dukani ukiweka pesa juu ya meza muuzaji anapangusa meza kuzizunguka. Mashine ya kusaga haikuwashwa kwa ajili yetu, hivyo mama alitwanga mtama kwenye kinu mpaka viganja vikatoka malengelenge. Moto ukizimika hukuwa na wa kukupa kaa. Kisimani tukifika, waliokuwa kwenye foleni walichukua ndoo zao na kusogea mbali, wakasubiri tuchote tuondoke, wakitazama juu kana kwamba wanakagua mawingu. Hakuna aliyetutukana. Ningefurahi kama angetokea mtu wa kututukana.

Mama Kulwa alikuwa rafiki wa mama. Walikuwa wakichanganya chumvi na vitunguu mpaka hawakujua cha nani ni kipi, na watoto wake mapacha, Kulwa na Doto, ndio niliocheza nao. Siku moja nilimkuta kisimani, nikamsalimu kama nilivyofundishwa, "Mwadila, mayu." Hakugeuka. Nikavuta pindo la kitenge chake. Aliliondoa mkononi mwangu taratibu, bila kuniangalia, namna mtu anavyochomoa nguo iliyonaswa na mwiba, akaendelea kuvuta maji.

Nilirudi nyumbani nikifikiri, na nilifikiri kwa utaratibu, kwa kuwa ndivyo nilivyo tangu nizaliwe. Nani hasalimiwi? Bibi yetu, mama yake baba, alikuwa amefariki, na tangu siku ile hakuna aliyemsalimu. Watu wakipita kaburi lake kando ya zizi walitazama pembeni, hivyohivyo wanavyotutazama sisi. Basi jibu likawa jepesi: tulikuwa tumekufa. Tulikufa siku ile ya mwano, na kwa kuwa wafu hawaambiwi, tumeendelea kutwanga na kukamua. Kila nilichokiona kiliungana na hilo. Baba, niliamua, ndiye aliyetangulia, maana sauti zetu zilikuwa zimeanza kumpita hata kabla. Yeye peke yake hakuonekana kuumia. Alikuwa amezoea.

Sikuogopa. Ila niliona hakuna maana ya kula. Chakula kilikuwa kidogo, Shija alikuwa akilamba sufuria, na mfu anakula kwa faida ya nani? Nikaanza kuacha ugali wangu, kisha maziwa. Mama alidhani ni homa, akanichemshia mwarobaini. Nikakataa na huo pia. Mwishowe alinikalisha mapajani, akanishika kidevu, akaniuliza ninaumwa wapi. Nikamuuliza, "Mama, sisi tulikufa lini?"

Alinikumbatia kwa nguvu mpaka nikasikia moyo wake unavyogonga. Akaniuliza nani kaniambia, nikamweleza hoja zangu zote, moja baada ya nyingine, mpaka kaburi la bibi. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniweka chini, akamwita Shija, akamtuma kwa mjumbe wa sungusungu, mtu pekee aliyeruhusiwa kutusikia, akaseme kwamba ng'ombe yuko tayari. Baba alipoelezwa kwa midomo na vidole, alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Alipiga hesabu kwamba atarudi Geita na siri yake.

Nilimwona mama jioni hiyo akimkamua Mabala kwa mara ya mwisho. Alimkamua polepole, paji la uso limeegemea ubavu wa ng'ombe. Sikuona chozi. Niliona taya linatembea, kama mtu anayetafuna kitu kigumu.

Desturi ni kwamba ng'ombe wa mchenya analiwa uani kwa aliyekosa. Mke wake anatoa vyungu, kuni, maji na chumvi. Mkosaji anakula nao, sahani moja na wazee, ili ionekane amerudi kuwa mtu. Wakishashiba, wanasimama mmojammoja na kumsalimu, na hapo kosa limekwisha, haliruhusiwi kutajwa tena. Mama alifanya yote hayo vizuri kupita kiasi. Alifagia uwanja mara mbili na kupanga mawe ya kukalia, kisha akapeleka maji ya kunawa akiwa amepiga goti. Mtemi alimsifu, naye akainamisha kichwa. Harufu ya chumvi na mafuta ilijaa mpaka ndani ya nyumba, na mimi, nisiyekula, nilimeza mate kwa aibu, kwa kuwa nilijua ni Mabala.

Walikula. Nataka niliandike hili bila haraka, maana nimelibeba muda mrefu. Baba Kulwa alikula. Alipewa mfupa wa paja, akaugonga kwenye jiwe, akanyonya uboho mpaka mashavu yakaingia ndani. Mama Kulwa alikula na wanawake wenzake karibu na ghala, akawapa pacha wake ini. Mtemi alikula, akalegeza mkanda. Baba alikaa kati yao na ubavu mkononi, anatabasamu huku na huku. Mama alizunguka na chungu akimwongezea kila mtu. Wengine walisema wameshiba, naye akawaambia, "Ongezeni, ni wenu." Alisubiri mpaka chungu cha mwisho kikabaki mchuzi.

Kisha akakiweka chini. Akaenda akasimama nyuma ya baba, hatua chache tu kutoka mgongoni kwake, akajifunga upya kitenge kiunoni. Akaweka kiganja mdomoni, akapiga mwano.

Sijasikia tena sauti kama ile. Ilianzia chini, ikapanda, ikapasuka, kuku wakaruka kutoka kwenye ghala. Wanaume wote walisimama kwa pamoja. Nyama zilianguka vumbini, maji ya kunawa yakamwagika, wazee wakakanyagana wakitafuta fimbo zao. Vijana wawili walikuwa wameshafika kwenye upenyo wa minyaa wakiuliza ni upande gani. Mtemi alisimama mdomo wazi, kipande cha nyama kikiwa bado ndani. Mama akarudia, kwa nguvu zaidi, karibu na kisogo cha baba.

Baba alikuwa akitafuna. Aliugeuza ubavu, akaona upande wa pili una nyama iliyobaki, akauma.

Mmoja baada ya mwingine, waliacha kutazama barabarani wakaanza kumtazama yeye. Hakuna aliyewaambia watazame. Ukimya ulioshuka pale haukuwa ule waliotupa sisi. Huu ulikuwa wao. Nilimtazama Baba Kulwa, kwa sababu nilitaka kumwona yeye hasa, na nilimwona akielewa. Ilimchukua muda. Aliutazama mfupa mkononi mwake, akauweka chini kwa uangalifu, kama kitu cha mtu mwingine.

Baba alihisi kwamba hakuna anayetafuna tena. Akainua kichwa, akawaona wote wamesimama. Akauliza, kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyejisikia, "Nani amekufa?"

Mama akamzunguka, akachuchumaa mbele yake ili auone mdomo wake. Akasema, "Hakuna aliyekufa, Baba Shija. Wameshiba tu."

Mtemi alijaribu kurudisha heshima yake. Akasema mwano haupigwi bure, mwanamke, una adhabu yake. Mama akasimama. "Nitozeni," akasema. "Mtakula nini? Huyu mmemmaliza." Walianza kuondoka, na hawakujua waage au wasiage. Mzee mmoja alikwenda nyuma ya ghala akatia kidole kooni. Nilimfuata nikasimama pembeni, nikamtazama mpaka akamaliza. Nilifurahi. Mpaka leo nikikumbuka mgongo wake ulivyokuwa ukipanda na kushuka, nafurahi.

Usiku ule nilikula. Kama waliweza kutusikia kiasi kile, basi tulikuwa hai.

Lakini baba hakumsamehe mama kirahisi. Kesho yake alimkuta jikoni akamuuliza, "Sasa nani atashuka na mimi?" Haikupita muda habari ikafika Geita, kama wazazi wangu walivyojua itafika, na mwenye duara akatuma salamu za upole kupitia mtu aliyekuwa akirudi kutoka huko: Baba Shija apumzike. Kamba zake mpya alizosuka akazitundika ukutani. Akawa mtu wa shamba tu, shamba ambalo halikutosha. Mama alipata alichokitaka, na aliyelipa alikuwa mume wake. Nimeligeuzageuza hilo kwa miaka mingi na bado siwezi kumlaumu. Alichagua jina la baba kuliko kazi ya baba, bila kumuuliza. Na wanakijiji ndio waliomfikisha mahali pa kuchagua.

Kijiji kilitaka kulipa. Wiki ileile mtemi alituma ng'ombe mwenye ndama kutoka zizi lake mwenyewe, mzuri kuliko Mabala, wakamfunga kwenye uzio wetu alfajiri. Mama alimfungua akamswaga mpaka mnadani, siku ya mnada, akampitisha katikati ya watu wote, akamwacha kwenye kivuli alichokaa mtemi. Wakamrudisha. Akamswaga tena. Mwishowe ng'ombe yule akawa anakaa tu nje ya minyaa, hana mwenyewe. Wao hawakuweza kumchukua, kwa sababu kumchukua ni kukubali kwamba bado wana deni, na mama hakumpokea. Alijichunga mwenyewe, ndama akanyonya maziwa yote, na sisi tukanywa uji bila maziwa tukimtazama. Hapo ndipo ile maana ya kwanza ya neno la kamusi inaponigusa, ya kulipa mpaka utulie. Walikuja wameshika malipo mkononi, na mama akawanyima utulivu. Kila mtu aliyepita njia ile alimwona ng'ombe na kuharakisha.

Wakaanza kutusalimu kwa fujo. Walimpungia baba mikono yote miwili kutoka mbali, walimsimamisha, walimkumbatia. Baba aliitikia. Mama hakuitikia hata mmoja. Mama Kulwa alikuja na unga, na chumvi, na mara moja na kanga mpya. Alisimama mlangoni akasema "Mwadila" tena na tena. Mama aliendelea kupepeta. Kulwa na Doto waliniita kutoka nje ya uzio, nami nilikaa kimya karibu na mama nikihesabu wanaita mara ngapi.

Baba alichoka. Alimwambia mama mara nyingi, kwa sauti ambayo kijiji kizima kilisikia, kwamba aliyeonewa ni yeye, aliyeliwa ng'ombe wake ni yeye, na yeye anataka yaishe. Mama alimjibu kwa midomo bila sauti, na sikujua anasema nini, ila baba aligeuza uso ili asiyaone.

Halafu asubuhi moja, jua limeshatoka, baba alimtuma Shija awaite wazee. Wakaja, Baba Kulwa akiwa nyuma yao, amevaa koti ingawa kulikuwa na joto. Baba alimwingiza yule ng'ombe uani kupitia upenyo wa minyaa, akamfunga miguu, akachuchumaa na kumkamua mbele yao. Kilichosikika ni maziwa tu, yakipiga ndani ya kibuyu. Alipomaliza alisimama, akanywa, akafuta mdomo kwa mkono. Nikaona mabega ya wale wazee yakishuka. Mtemi alifumba macho. Baba akampa Shija, Shija akamtazama mama, akasita, kisha njaa ikamshinda akanywa kwa pupa mpaka povu likamfika puani. Mtu mmoja akacheka kidogo, kicheko cha watu waliofunguliwa.

Kisha baba akachota kwenye kata, akaniita. Nikaenda. Kata ilikuwa ya moto kwenye viganja vyangu, povu limejaa mpaka ukingoni, na nilikuwa sijaonja maziwa tangu Mabala. Nikageuka kumtazama mama. Alikuwa amesimama mlangoni, mikono imekunjwa, na uso wake haukuniambia ndiyo wala hapana. Baba aliinamisha kichwa kunihimiza, akitabasamu. Wazee walikuwa wakinitazama mimi sasa, Baba Kulwa kuliko wote, macho yake yananiomba.

Nilitembea na ile kata bila kumwaga hata tone. Nikamfikia Baba Kulwa, nikainama, nikaiweka chini kati ya miguu yake, imejaa, nikarudi kusimama na mama.